Kwa Kabula, Niliyemwandikia "Bado"

Kabula, mdogo wangu niliyekubeba mgongoni,

Ungekuwa hai ungenicheka. Dada mzima, mwalimu mstaafu, magoti yanauma, nimekaa kumwandikia marehemu barua, tena ya kupeleka gazetini watu waisome. Cheka tu. Lakini safari hii nisikilize mpaka mwisho, maana tulipolizungumza jambo hili mara ya mwisho, mimi ndiye niliyekukatiza.

Unakumbuka likizo zangu za chuo cha ualimu? Nilikuwa nikishuka kwenye treni pale Goweko na sanduku langu la bati, wewe unanijia mbio, "Shikamoo dada!" na kabla sijaitikia marahaba umeshalishika sanduku upande mmoja. Tukikaa uani kupukuchua mahindi nilikusomea daftari langu la saikolojia ya elimu, kwa kuwa mtihani ulikuwa karibu na hapakuwa na mwingine wa kunisikiliza. Nilikusimulia Mrusi aliyepiga kengele kila alipowalisha mbwa wake, hata wakawa wanadondokwa mate kwa kengele peke yake. Ukaacha kupukuchua. "Sasa dada, siku ya kengele tupu, baadaye walipewa nyama au walidanganywa tu?" Lo! Hata mkufunzi wetu hakuwahi kuuliza hilo.

Nilipofika kwa Mmarekani na njiwa wake, waliojifunza kudonoa kitufe kwa sababu kila wakidonoa walipata punje, ukasema, "Mbona hata kuku wa mama wanajua? Akigusa ungo tu, wameshafika." Nikakusahihisha kwa madaha kwamba huo ni mfano wa Mrusi, si wa Mmarekani. Ulikuwa na miaka sita, labda saba. Nani aliandika siku zetu za kuzaliwa?

Niliyempenda kuliko wote alikuwa Mswisi. Huyu aliwachunguza watoto wake mwenyewe, akasema akili ya mtoto hukua hatua kwa hatua, wala huwezi kuirusha hatua. Kipimo chake kimoja kilikuwa cha maji. Unajaza bilauri mbili sawasawa, kisha mbele ya mtoto unaimimina moja katika chombo chembamba kirefu, unamuuliza maji yapi mengi. Mtoto ambaye bado hajafika atasema ya chombo kirefu, kwa kuwa yamepanda juu.

Basi nikamaliza chuo, nikapangiwa shule ya kijiji chetu kipya cha Ujamaa. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na moja na nilijiona nimebeba elimu yote ya dunia. Darasa la kwanza lilikuwa moja, la udongo, na watoto walikuwa wengi kuliko nafasi. Mwalimu mkuu alikuwa akiwachagua kwa njia ya siku zote: mtoto anapitisha mkono juu ya kichwa, akigusa sikio la upande wa pili amefaa. Mkono wako ulifika, Kabula. Uliligusa sikio ukalivuta kabisa, watu wakacheka.

"Huyu tayari," akasema mwalimu mkuu.

"Mkono si akili, mwalimu," nikamjibu, mbele za watu. Nikatoa bilauri zangu, nilizonunua duka la Mhindi mjini Tabora, na chupa ndefu.

Nilimimina. Nikakuuliza. Ukajibu bila kusita, "Ni yale yale, dada. Umeyahamisha tu." Jibu zuri kuliko yote niliyoyasikia siku ile! Lakini chuoni tulifundishwa kuuliza tena, ili kuona kama mtoto anasimamia jibu lake. Nikakuuliza tena. Ukanitazama usoni, ukainamisha macho, ukanyoosha kidole kwenye chupa ndefu.

Nikaandika "bado".

Sasa nikuambie nisichokuambia maisha yako yote. Nilijua. Nilikuwa nimekaa nawe uani likizo tatu, nilijua kichwa chako. Lakini nilikuwa naogopa kijiji kisiseme mwalimu ameingiza mdogo wake wakati watoto wa wenzake wamebaki nje. Siku zile neno upendeleo lilikuwa zito, na mimi nilitaka kuonekana msafi. Ulipokinyooshea kidole chombo kirefu, nilipumua. Ndiyo, nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilijiambia ni mwaka mmoja tu.

Mwaka uliofuata mama akaanza kuugua, na mtu wa kumchotea maji ulikuwa wewe. Uliofuata tena, ukaambiwa umekuwa mkubwa, nenda shamba la tumbaku. Kisha mahari, kisha Lusu kwa mumeo, kisha watoto. Kusoma ulikuja kujifunza kwenye kisomo cha watu wazima, mtoto akiwa mgongoni, na barua yako ya kwanza ilinifikia kabla ya miezi sita.

Ulikuja kwenye msiba wa mama. Tulikuwa tunachambua mchele wa waombolezaji, ukasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Dada, ile siku ya bilauri, mbona uliniuliza mara mbili? Kwetu mkubwa akikurudishia swali, si amekuambia umekosea? Nikaona nibadilishe, nisikuaibishe mbele za watu."

Nilikulia hapo hapo ulipokulia, nikarudishiwa maswali vile vile na wazee wale wale, na sikuliona hilo! Nikacheka kicheko cha uongo, nikasema, "Hebu acha mambo ya kale, chambua mchele." Ukachambua. Hukulitaja tena.

Miaka mingi baadaye, kwenye semina, nikasoma habari za Mrusi mwingine, aliyekufa kijana. Yeye alisema usitazame tu analoweza mtoto peke yake. Tazama analoweza akiwa na mkubwa pembeni, kwa kuwa hilo kesho atalifanya mwenyewe. Nikamkumbuka babu na hadithi zake za njia ya misafara, jinsi mtoto wa mpagazi, mbeba mizigo, alivyopewa pembe ndogo ya ndovu, akatembea nyuma ya baba yake mpaka pwani, na akirudi Tabora ni mpagazi. Sikumlaumu Mswisi, maji yake hayakuwa na kosa. Mimi nilimuazima ili nijifiche nyuma yake. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, nami siombi pole ya mtu.

Walipomaliza kukuzika kule Lusu mimi nilikuwa bado njiani. Binti yako alinipa daftari lako la kisomo. Nimelisoma lote.

Walimu vijana watakaoisoma barua hii wafanye wanavyoona. Mimi nimeiandika wazi kwa sababu "bado" niliiandika mbele ya kijiji kizima, na sitaki kuomba msamaha kwa siri, chini ya mto.

Pumzika, Kabula. Leo sikuulizi tena. Jibu lako la kwanza lilikuwa sahihi.

Dada yako, kifungua mimba wa mama