Kamba ya Kiunoni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limepoa na wajukuu hawakuchoshi sana. Mimi sijambo, tena siku hizi nacheka peke yangu kama mwehu.

Unajua tangu nilipovunjika mkono wa kushoto, vidole viwili vimegoma kabisa kufumbata. Wiki iliyopita msimamizi wetu wa wakata miti aliniita, akasema kwa upole kwamba ananihitaji, ila hawezi kumpandisha mtini mtu asiyeweza kurekebisha kamba yake. Ni ile kamba fupi inayotoka kiunoni kwangu na kulizunguka shina. Kule juu lazima uifupishe au uirefushe kila unapohama. Nikishindwa, nitawekwa ofisini kupokea simu. Mama, mimi na simu wapi na wapi!

Fundi wa vifaa vyetu, tunayemwita Kinyonga kwa jinsi anavyopima kila tawi kabla ya kulikanyaga, aliniambia nisikate tamaa. Akanifungia kamba tatu kwenye mti wa uani, hatua moja tu kutoka chini. Ya kwanza ilikuwa na fundo tupu: ilidai mikono miwili, nikatoka jasho la bure. Ya pili ilikuwa na kibanio cha chuma: kuifupisha, raha tupu; lakini nikishaiegemea inang'ang'ania, haiachii mpaka nijivute kwanza shinani. Machozi yakanilenga. Kinyonga akasema, "Usilie, bado moja."

Hiyo ilikuwa na fundo, na chini yake kapi dogo, kile kigurudumu cha kupitishia kamba. Nikivuta ncha kwa mkono wa kulia, kapi linasukuma fundo. Nikilibonyeza fundo taratibu, kamba inaachia kidogo kidogo. Niliichezea asubuhi nzima, msimamizi akitazama, mwisho akaniruhusu kupanda. Jana nikapanda hadi kileleni, nikapiga vigelegele mpaka majirani wakafungua madirisha!

Sasa, Mama, kaa kitako. Niliposhuka, Kinyonga alikagua fundo langu, akakohoa, akaniuliza kama ningekubali kuwa mke wake. Nilimjibu hata hajamaliza. Wazazi wake wanataka kuja kuzungumza nanyi. Tafadhali mwandae Baba kwa maneno yako laini. Ukiniachia mimi, nitabwabwaja.

Nisalimie kaka na dada zangu, na Shangazi mwambie aanze kuchagua nguo.

Ni mimi binti yako, ambaye furaha haimkai kifuani,

Kitindamimba wako