Ukali wa Chokaa

Jumatatu, 3 Februari
Wewe Skolastika, chokaa haikorogwi kwa mkono! Nimemwambia asubuhi, narudia hapa kwa sababu hasira haijaisha. Mjukuu wangu mkubwa hivyo, kidato cha tatu, anatumbukiza vidole kwenye ndoo kama anaosha maharage. Tulikuwa tunatengeneza dawa ya kahawa. Mrututu, ile chumvi ya bluu, ndoo yake. Chokaa ndoo yake. Nikamfundisha: chokaa ni kali. Kali kama ndimu, tena kuzidi. Akaitikia. Vizuri.

Jumatano, 5 Februari
Amerudi shule amenuna. Jaribio la kemia la jana, kumi na nane kwa mia. Nimesema maneno mengi. Sijutii yote. Ijumaa ya wiki ijayo kuna jaribio la mwisho. Asiyefika arobaini anatolewa sayansi. Bila kemia hakuna uuguzi, na huyu anautaka uuguzi tangu mama yake alazwe, asirudi.

Alhamisi, 6 Februari
Kiingereza sikijui. Nimemsimamisha jikoni anisomee kwa Kiswahili karatasi ya jaribio, swali baada ya swali. La tatu linauliza chokaa ni kitu gani. Ameandika asidi. Nikauliza nani kamdanganya. Akaikunja karatasi. Nikauliza tena.

"Wewe, Bibi. Ulisema kali kama ndimu."

Kumbe ndimu ndiyo asidi. Chokaa ni kinyume chake, wanaita besi. Maswali manne yaliyofuata yalisimama juu ya hilo, yote yameanguka.
Sikula.

Ijumaa, 7 Februari
Nimekwenda shuleni kwa miguu. Mwalimu wa kemia kijana, mtu wa Singida. Shikamoo yake nzuri. Nikamwambia kosa ni langu, ampe mtoto maksi zake. Akakataa kwa adabu.

"Maksi sitoi, mama. Ila hilo neno kali limeangusha nusu ya darasa."

Aliyekosea si mimi peke yangu, basi. Nafuu kidogo. Hasira bado.

Jumapili, 9 Februari
Baada ya misa sikulala. Nikatoa magadi ya kupikia maharage. Kwenye maji ya ndimu: povu mpaka juu. Kwenye maji ya chokaa: kimya. Nikamwambia, haya, vyote vikali, lakini ukali si mmoja. Huu unaunguza kwa namna yake, huu kwa namna yake.

Skola akacheka. Akafunga mfuko wa nailoni kwenye mdomo wa chupa ya ndimu na magadi, ukavimba. Anasema hiyo ni gesi, na inahesabika kwa moli. Moli ni nini? Namna ya kuhesabu vitu vidogo mno, kama sisi tunavyopima mahindi kwa debe bila kuhesabu punje. Angeniambia hivyo mapema.

Kwenye maswali ya mmumunyo alikuwa anamwaga lita nzima ya maji juu ya chumvi, kipimo kinazidi lita. Nikamwonyesha mstari niliochora ndani ya ndoo ya mrututu. Yeyusha kwanza kwa maji kidogo, ndipo ujaze mpaka mstari. Akaniangalia kama hajawahi kuniona.

Jumatano, 12 Februari
Anakokotoa mpaka kwenye vumbi la uani. Mimi naogopa. Sijamwambia.

Ijumaa, 14 Februari
Amefanya jaribio. Nimemkemea kwa sababu ya kikombe. Kikombe hakikuwa na kosa.

Jumatatu, 17 Februari
Arobaini na tatu. Si nyingi. Zinatosha. Swali la chokaa amepata lote.

Ameingia jikoni taratibu, akaniwekea karatasi mapajani, akakaa. Tumechambua mboga pamoja.

Baadaye akanieleza kuna wenzake sita wamebaki chini ya arobaini. Mwalimu amewapa wiki moja warudie jaribio, basi.

Skola, kesho ukitoka shule waje hapa wote sita. Waje na madaftari. Asiyekuja na kalamu namrudisha kwao.