Barua ya Rejista ya Mama Yako

Sanduku la Posta 318
14 Machi 1993

Mpendwa binti yangu,

Natumaini m wazima, wewe, mumeo na mtoto, na kwamba kile kifua kimeacha kukusumbua. Mimi sijambo, ila magoti yamegoma.

Simu ya upepo niliyokuletea ya msiba wa mama yako ilipishana njiani na barua yako kwake. Barua hiyo ilifika siku tisa baada ya mazishi. Ni ya rejista, na hapo ndipo penye kazi.

Ngoja nikueleze. Barua ya rejista hukabidhiwa mwenye jina, naye husaini. Akiwa amefariki, hupewa msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, nayo mahakama haimteui mpaka watoto wote waridhie kwa maandishi. Kaka yako fundi saa amesaini. Bado wewe. Posta huiweka siku sitini, kisha huirudisha ilikotoka. Zimebaki thelathini na nane.

Nilikwenda dirishani. Karani ni yule tuliyemwita Sindano, niliyemfundisha kazi mwenyewe. Alinionyesha bahasha, ameishikilia upande wake wa kaunta.

"Mzee, nikupe? Tuko wawili tu hapa."

"Ukinipa nitakushtaki."

"Ndiyo maana hawakukupa ukubwa," akasema, akaifungia kabatini.

Nilijuta kabla sijafika nyumbani. Barua zako zote alinisomea mama yako, mimi nikipiga pasi. Siku hizi napiga pasi shati moja, redio ikisema peke yake.

Nimeambatisha fomu. Saini penye alama ya penseli, mbele ya hakimu au wakili, agonge muhuri wake. Usisaini ukiwa nyumbani, wataikataa. Itume kwa ndege wiki hii hii.

Kama mlikuwa na mambo yenu wawili, niambie, nami sitaifungua. Nataka tu itoke pale. Ikikurudia itakuwa imeandikwa juu yake kwa wino mwekundu: Amefariki. Neno hilo nimeliandika miaka thelathini na moja kwenye barua za watu, nikala chakula changu cha mchana. Wewe sitaki ulipokee.

Kaka yako na mkewe wanakusalimu, shangazi yako mshonaji vilevile. Mbusu mjukuu wangu. Mungu awalinde huko mliko, awape usingizi mwema.

Ni mimi nikupendaye na kukungoja,
Baba yako