Bunduki Ilibaki Nje ya Msitu

Dada yangu Zaina, pokea salamu zangu huko Mahajanga. Hapa Nosy Be mvua imenilowesha tangu asubuhi, na bado nina furaha.

Leo nimeuona msitu wa malkia, ule wenye komba weusi. Walinzi wake huingiza wageni kumi tu kwa siku, bila viatu wala mbwa. Tulikuwa tukingoja zamu yetu, mimi na akina mama wa hapa, alipotokea nahodha mgeni na bunduki begani. Mlinzi mkuu, mama wa Kisakalava, alimzuia kwa Kimalagasi, lakini nahodha hakuelewa.

Mlinzi akanigeukia. "Mwambie akiingia nayo, naufunga msitu kwa watu wote."

Nilimfasiria nahodha kwa Kiswahili. Akanitazama kwa dharau. "Nani wa kunizuia, nyinyi wanawake?"

"Ndiyo, sisi," nikamjibu. "Na ukitupita, hapa kisiwani hutapata wa kukuuzia maji wala mchele."

Nilipowaeleza wenzangu, wote walikuja kusimama nami njiani. Nahodha akampa mlinzi bunduki na kuvua viatu.

Tukaingia pamoja. Komba jike, ambaye kumbe ni wa rangi ya kutu, alishuka na mtoto mgongoni, karibu hata tukamsikia akitafuna tunda. Nahodha ndiye aliyekuwa wa kwanza kuketi chini kumtazama.

Sasa mlinzi ameniomba niwafasirie wageni wote hadi nitakapoondoka. Sijapata kujiona mkubwa hivi, dada. Mungu akutunze wewe na wanao, na umbusu mama mikono kwa niaba yangu.

Mdogo wako, Mwanaisha