Miguu ya Kushoto Mitupu

Jumatatu, 3 Juni
Shemeji kanichukulia fundi wa tatu, kampeleka kwenye kiwanda chake. Mdogo wa marehemu mume wangu, niliyemfundisha ushonaji mwenyewe! Mashine tatu kati ya kumi na mbili zimefunikwa. Robo ya kiwanda imelala. Sasa anamnyemelea Mkataji wangu wa vitambaa, na bila mkataji washonaji wote watabaki kutazamana.

Binti yangu, afisa utumishi kwenye kampuni moja mjini, kanipasulia: mama, hawakimbii mshahara, wanakimbia mdomo wako. Asubuhi kaeni kimya dakika moja. Waulize hali. Ukikasirika, vuta pumzi kwanza.

Kiwanda nimekijenga kwa mdomo huu huu. Leo umekuwa ugonjwa.

Jumanne, 4 Juni
Nimejaribu. Tumefumba macho, kimya. Kisha nikamuuliza mshona vifungo, "Umelalaje, mwanangu?" Akaanza kukusanya vitu vyake. Kadhani namfukuza.

Alhamisi, 6 Juni
Sare za shule, suruali themanini. Mkataji kakata miguu mia na sitini — yote ya kushoto. Wa kulia hata mmoja!

Damu ikanipanda. Nikavuta pumzi. Nikavuta nyingine. "Una nini, baba?"

Akanieleza. Mtoto wake yuko wodini tangu Jumapili, usingizi hajauona, na kuniomba ruhusa aliogopa. Mimi, wa kuogopwa hivyo. Nikavuta kiti, nikakaa naye. Ndipo mkono ukatua kwenye kitambaa: hiki hakina ndani wala nje, pande zote mbili sawa. Geuza nusu ya vipande, umepata miguu ya kulia. Hasara: sifuri.

Tukacheka hadi washonaji wakazima mashine waje kutazama. "Bosi, ungenifokea ningevichoma moto vipande vyote," akasema. Nikamtuma wodini. Mshahara haukatwi.

Jumatatu, 10 Juni
Mtoto katoka hospitali, Mkataji karudi. Wananong'ona kuwa Shemeji kamwahidi mshahara na nusu, na atamfuata leo. Mimi siwezi kuongeza, hesabu inakataa. Sikumuuliza.

Tukafumba macho kwa dakika yetu ya asubuhi. Honi nje — ya Shemeji, naijua. Mkataji akafumbua jicho moja.

"Dakika haijaisha," mshona vifungo akamnong'oneza.

Akalifumba.

Sasa mashine zote tisa zinaunguruma, nami naandika mezani kwangu. Shemeji kachoka na honi, anagonga mlango. Anayekwenda kumfungulia ni Mkataji mwenyewe — hata mkasi hajauweka chini. "Narudi sasa hivi, Bosi," kasema, "kitambaa changu kisiguswe."