Majina Kabla ya Mafuta

Amu, 12 Rajabu 1373

Kwa mjukuu wangu Radhiya,

Idi tatu zimepita hujakanyaga Amu. Mguu umevunjika, au Mombasa wamekufunga kamba? Hata kuku akipotea hurudi kuangalia kama bandani kumemwagwa mtama. Haya, asalaam aleikum. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila goti la kushoto lina maneno yake. Wewe u mzima? Wala? Walala? Usinijibu kwa mkato, nataka kujua mpaka ulichokula.

Anayeandika ni Fadhil, fundi cherehani, maana mimi kalamu naijua kwa kuiona tu. Kila nikisema jambo anauma midomo. Nimemwambia, andika kama ninavyosema, usinishonee.

Jambo lenyewe ni hili. Bi Hindu wa Pate na Bi Ummu wa Chundwa walikuja kwangu juma lililopita. Sisi watatu ndio tuliobaki tunaojua kumkanda mzazi arobaini nzima, si hawa wanaopaka mafuta wakaenda zao. Wajua ada yetu: kabla mkono haujagusa tumbo la mzazi, mkandaji huwataja waliomfunza, waliompa mkono huo, mmoja baada ya mmoja, mpaka yamwishie majina. Ndipo mafuta. Basi Bi Hindu alikuwa akitaja yake pale kwangu, akafika la tatu, likampotea. Akatutazama kama mtoto aliyepotea sokoni. Bi Ummu akamwambia, "Hindu, umemla?" Hakuna aliyecheka.

Tukakubaliana yaandikwe yote, ya Pate, ya Chundwa na ya Amu, kabla hatujazikwa nayo. Wewe una daftari na una mwandiko. Ya wenzangu yamo kwenye karatasi ya pili. Yangu ni mafupi: mimi Mwanamkisi nilipewa mkono na bibi yangu, Bi Mwanaesha. Basi. Yanakili vizuri.

Bibi yako


Mombasa, 2 Aprili 1954

Kwa Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi ni mzima, nalala, na jana nilikula wali kwa papa mkavu, waona nimejibu. Nisamehe kwa kukawia kuja. Wodi ya wazazi ina wasaidizi wawili tu, na likizo hutolewa kwa zamu. Na goti lako, nani analikanda?

Nimefurahi kupewa kazi hii. Juzi alilazwa mama mmoja wa Faza, akaniambia, "Wewe si wa Amu? Hebu nikande mgongo." Nikaweka mikono, nikabaki hapo hapo, sijui pa kuanzia. Akaniambia taratibu, "Basi mwanangu, wacha." Niliona haya, Bibi.

Nimenakili yote. Moja tu limenikwaza. Kwenye msahafu wa marehemu babu, ule ulionipa nikiondoka, ameandika vizazi na vifo vya nyumba yetu. Bi Mwanaesha alifariki mwaka 1305 wa Hijria. Wewe ulizaliwa 1303. Alikupa mkono ukiwa na miaka miwili? Labda babu alikosea. Niambie nirekebishe lipi.

Mjukuu wako


Mombasa, 20 Juni 1954

Kwa Bibi,

Shikamoo. U hali gani? Ramadhani imeingia na kutoka, Idi imepita, hujanijibu. Nilimwandikia Fadhil, akanirudishia mistari miwili: Bi Hindu amefariki, na "Bibi yako asema hana la kuandikisha." Mungu amrehemu Bi Hindu. Lakini wewe, kukosa la kusema? Hapo ndipo nilipoogopa.

Kama swali langu limekuudhi, nalifuta. Mbele ya jina lako nimeacha mahali patupu.

Mjukuu wako


Amu, 15 Mfunguo Pili 1373

Kwa Radhiya wangu,

Usifute kitu. Swali lilikuwa la haki, ndiyo maana liliniuma. Afya yangu ni njema, nakuombea na wewe iwe vivyo. Goti liache.

Utaona mwandiko umebadilika. Fadhil ni jirani mwema, lakini analolijua yeye asubuhi, adhuhuri limefika Matondoni. Hili halikuwa lake kulijua kwanza. Anayeandika ni Bi Barka wa Langoni.

Bi Mwanaesha hakunipa mkono. Hata uso wake siukumbuki. Aliyenipa ni Tima, mjakazi wa nyumba yetu. Siku saba alinikanda mimi kwanza, nijue kwa mwili wangu panapouma na panapopoa. Ya saba akaweka mkono wake juu ya wangu. Nilipoitwa kwa mzazi wangu wa kwanza, mama aliniambia mwana wa nyumba hii hatataji mjakazi mbele ya watu. Nikamtaja bibi. Tima alikuwa amesimama pale pale, ameshika bakuli la mafuta. Akanipa. Tangu hapo nimeusema urongo huo juu ya kila tumbo nililoligusa, hata la mama yako alipokuzaa wewe.

Hindu na Ummu walijua, wakanisitiri. Tulipotoka matangani kwa Hindu, Ummu akanambia, "Mwanamkisi, tumebaki wawili wa kuubeba, na mimi mgongo waniuma." Siku ya pili nikavaa buibui nikenda kwa Barka, mwana wa Tima.

Nilimkuta akikanda unga. Nikasema yote nimesimama. Nilitaraji ataniambia hapana neno, yamepita. Alikanda mpaka unga ukalainika, ndipo akasema, "Mama siku zake za mwisho aliniuliza utamtaja lini. Nikamwambia karibu. Umenifanya mrongo kwa mama yangu miaka ishirini." Nikalia, Radhiya. Yeye hakulia. Akanambia, "Keti basi, usinianguke mlangoni, watu watasema nimekupiga."

(Mimi Barka: ndivyo nilivyosema. Na alilia mpaka chai ikapoa.)

Kisha akanitajia waliompa Tima. Wanne, wote siwajui. Mkono wangu una watu wote hao, na mimi nilikuwa nikiuzungusha mji mzima kama yatima.

Juzi nimeitwa kwa mke wa Muhdhar, amejifungua mwana wa kiume. Nikamtaja Tima, nikawataja na wa nyuma yake. Mama mkwe akanikodolea mato. Nikamwambia, "Umesikia vizuri. Lete mafuta."

Wale wanne sikuwatia humu, kwa makusudi. Si wangu kukupa. Uje kabla ya Maulidi, na ukija usianzie kwangu. Ukishuka forodhani shika mkono wa kushoto, nenda Langoni kwa Barka, umbusu mkono, umwambie akutajie mwenyewe kwa kinywa chake. Andika pale ulipoacha patupu. Kisha umsomee, polepole, mpaka aseme ndivyo. Asiposema ndivyo, usije kwangu bado.

Bibi yako