Paka Saba Uliowaleta Bweni

Baba,

Shikamoo. Nimechoka, baba, sikufichi. Tangu tukuzike, panya wamelitawala shamba. Vidaka vinaanguka vimetobolewa kabla ya kuwa madafu. Mabati uliyozungushia minazi ili wasipande yameliwa na kutu, na magoti yangu hayataki tena ngazi.

Juzi wataalamu walikuja kwenye mkutano wa kijiji hapa Bweni. Wanasema wanaweza kubadilisha uzazi wa panya huko maabara, na badiliko hilo likarithiwa na karibu kila panya anayezaliwa: madume tupu, kizazi baada ya kizazi, mpaka waishe wenyewe. Hakuna sumu wala mtego. Bado wanatafuta kisiwa cha kujaribia, na wamelipenda shamba letu. Watu wote wakanigeukia. Wallahi nilitaka kusema ndiyo, nikapumzike.

Ndipo nikawakumbuka paka wako. Uliwaleta saba kutoka Kilindoni ndani ya tenga, unacheka, "Sasa panya watanijua!" Wapi! Panya wakahamia juu ya minazi, paka wakageukia vifaranga vya majirani. Bi Mwanaidi wa ng'ambo ya ua alibaki na tetea mmoja. Ukavaa kanzu, ukapita nyumba kwa nyumba: "Niwieni radhi, ni mimi niliyewaleta." Nilikufuata nyuma nikiona aibu. Leo nakuonea fahari, na machozi yananitoka.

Basi nikawauliza wataalamu: panya hao wakijificha kwenye boti wakafika bara, mtaweza kuwarudisha? Wakasema bado wanalitafiti. Nikauliza tena: mambo yakiharibika, nani kati yenu atakuja kupita nyumba kwa nyumba? Mmoja akaandika swali langu kwenye daftari, jina la mtu hakuandika.

Nikakataa. Watu wamenuna, baba, na aliyenuna zaidi ni Bi Mwanaidi, maana minazi yake ndiyo iliyoshambuliwa zaidi. Huenda nimekosea. Sijui, na kutojua huko ndiko kunakonichosha kuliko panya.

Leo asubuhi nimejifunga kanga yangu nzuri, nikaenda kwake. "Niwie radhi, ni mimi niliyekataa." Nikabeba bati na nyundo nikaanza na mnazi wake wa mbele, ngazi inayumba. Mara ngazi ikatulia. Natazama chini, ameishika kwa mikono miwili, bado amenuna.

Tumemaliza minazi minne. Iliyobaki, yake na yetu, nitaifunga yote, nakuahidi. Pumzika, baba. Mungu akulaze pema.

Mwanao,
Zuhura